Mti Mwekundu wa Mwezi wa Nane

Nianze na kosa langu, maana Arlys Tollefson akisimulia yeye atajitwika mzigo wote na mimi nitatoka msafi kama niliyetoka kuoga. Mwezi wa kumi mwaka 1985, kwenye Uwanja wa Kale wa Chuo Kikuu cha Stavnes, hapa kwetu Minnesota, nilimcheka mwanamke mgeni kazini mbele ya wanaume sita. Nilidhani nimetoa neno la kuchekesha. Lilichekesha kweli, sikatai. Lakini lilimfunga mdomo, na Arlys ni mtu aliyezaliwa na maswali mdomoni.

Mimi ni Merle Haugen. Wakati wa joto nilikuwa naendesha mashine ya kukata majani, na baridi ikiingia napanda gari la kusukuma theluji. Miaka thelathini na minne hiyo. Napenda mstari ulionyooka na kahawa nyepesi, na sipendi kuulizwa kitu kabla ya saa mbili asubuhi. Mungu akanipa Arlys.

Alikuwa na miaka ishirini na minane alipokuja, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka maili kumi kaskazini ya mji. Baba yake alikuwa akisema kwamba binti huyu akiingia zizini ng'ombe wanapunguza maziwa kwa kuchoka kuhojiwa. Mumewe, Curtis, aliendesha lori la maziwa na alikuwa mkimya kupita kiasi, na sisi kazini tulikubaliana kwamba ukimya ule hakuzaliwa nao. Arlys alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kwenye bustani za chuo. Hakuajiriwa kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na moyo mpana. Aliajiriwa kwa sababu ya tufani.

Upande wa mashariki wa Uwanja wa Kale kuna safu ya miti ishirini na sita, yote mimepo, miti ambayo majani yake huwa mekundu kabla ya baridi, iliyopandwa mwaka 1894 na wanafunzi wa kwanza wa chuo, kila mmoja na ndoo yake ya maji. Mtu yeyote aliyesoma hapa amewahi kulia, kulala au kubusiana chini ya mti mmojawapo. Tufani ya Julai ile ilipita kwa dakika kumi na mbili, ikaangusha miti kumi na mmoja. Wazee waliosoma hapa walipiga simu wakilia kama waliofiwa. Ikawa lazima ipandwe mingine kabla ardhi haijaganda, na mikono haikutosha.

Miche ililetwa kwa lori kutoka kwenye kitalu, kila mmoja mrefu kuliko mtu, mizizi yake imeviringishwa pamoja na bonge la udongo ndani ya gunia, na gunia limefungwa kamba kuzunguka kitako cha shina. Mkuu wetu, Orville Brekke, alikuwa na sheria moja ambayo bustani zote nilizozijua ziliifuata. Gunia unalifungua juu, kamba huigusi. Kamba ni ya katani, itaoza yenyewe udongoni. Ukiikata mapema, bonge linapasuka na mti unashtuka. Ndivyo tulivyofundishwa, na waliotufundisha ndivyo walivyofundishwa.

Kwenye shimo la tatu Arlys alipiga magoti, akaishika ile kamba, akaivuta, akainusa.

"Bwana Brekke, hii inaoza kwa muda gani?"

"Mwaka. Miwili."

"Umewahi kufukua ukaangalia?"

Orville alisimama na koleo lake mkononi. Alikuwa mtu mwema, lakini katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza jambo lile.

"Wewe binti, umeajiriwa kuchimba au kuuliza?"

Hapo nami nikatia langu. "Mwache, mzee. Amemaliza kuhoji ng'ombe wa kwao, sasa amehamia kwenye kamba."

Wanaume sita wakaangua kicheko. Masikio ya Arlys yakaiva. Alikuwa bado ameishika ile kamba, mdomo umefunguka kidogo, halafu akaufunga, akachukua koleo, akafukia. Tuliimaliza miti kumi na mmoja kwa siku nne na hakuuliza tena neno lolote kuhusu kamba.

Msidhani kwamba aliacha kuuliza mengine. Kila Januari mbele ya maktaba theluji ilikuwa inayeyuka kwenye ukanda mmoja mwembamba, na mimi kwa miaka kumi nilipita pale na gari langu nikishukuru kupunguziwa kazi. Arlys akauliza kwa nini. Akapima kwa kipimajoto cha jikoni, hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye bomba la mvuke lililokuwa linavuja chini ya ardhi na lingeweza kulipuka wakati wowote. Aliwahi kumfuata profesa wa wadudu mpaka kwenye maegesho kumuuliza kwa nini sisimizi wanapanda mwaloni mmoja na kuruka wa pili. Mifuko yake ilijaa majani, makokwa na vipande vya magome. Curtis, katika sentensi zake nne za mwaka, alitumia moja kutuambia kwamba mashine yao ya kufulia imekufa kwa sababu ya kokwa za mwaloni.

Orville alipostaafu mwaka 1999 walimpa Arlys nafasi yake. Nilinuna wiki nzima, maana nilidhani itakuwa yangu. Kisha nikaona kwamba ukuu maana yake ni kukaa kwenye vikao, nikapona.

Sasa nije kwenye ule mti.

Ulikuwa wa saba ukihesabu kutoka kanisa la chuo, mmoja wa ile tuliyoipanda 1985. Mwaka 2008, wiki ya tatu ya Agosti, wakati kila kitu kingine kilikuwa kijani, upande wake wa kusini uligeuka mwekundu. Haukuwa wekundu wa kuungaunga. Ulikuwa kama mkaa unaopulizwa. Wiki hiyo ndiyo wazazi wanaleta watoto wao kuanza chuo, na kila familia ilisimama pale kupiga picha. Mwaka uliofuata ukawahi tena, na uliofuata tena. Brent Lindahl, mkuu wa habari wa chuo, mtu mwenye meno mengi na viatu visivyojua matope, akauweka kwenye jalada la kijitabu cha kukaribisha wanafunzi. Watu wakachumbiana chini yake. Ukapata jina, Mti wa Agosti, na mpaka kwenye ramani ya wageni ukatiwa.

Arlys alikuwa akiuangalia kwa uso wa mtu anayesikiliza mtoto akikohoa.

"Mmepo hauna haraka ya kuwa mwekundu, Merle. Ukiwahi wenzake, kuna kinachouuma."

"Labda unapenda kuonekana. Wapo watu wa hivyo, kwa nini usiwepo mti?"

"Sawa. Lakini mbona upande mmoja tu?"

Niliwasha mashine yangu nikaendelea kukata majani. Lakini kufikia mwaka 2014 hata mimi niliona vijiti vikavu kileleni. Arlys alikadiria kwamba umebakiwa na miaka mitatu, ikizidi minne. Na lilikuwapo jambo jingine. Kamati ya Uwanja wa Kale ilikuwa imepitisha kwamba, kwa kuwa Arlys yuko karibu kustaafu na ile miti kumi na mmoja aliipanda kwa mikono yake, safu nzima ipewe jina lake. Safu ya Tollefson. Kibao cha shaba kingewekwa mwezi wa kumi. Hakuwa mtu wa kujionyesha, lakini nilimwona akipita pale kitakapowekwa kibao, akisimama, akijifanya anafunga kamba za viatu. Nilifurahi kwa ajili yake na sikumwambia, maana kwetu huku mtu haambiwi.

Alitaka kujua ule mti unakufa kwa nini kabla haujafa. Kwanza alinituhumu mimi.

"Ni chumvi yako. Njia iko kusini, unamwaga chumvi majira yote ya baridi kama unapika."

"Namwaga ninavyoambiwa."

"Na nani?"

"Na wewe, bosi."

Alichukua udongo kwenye chupa za jamu akaupeleka maabara. Majibu yakarudi: chumvi ni kidogo. Akadai nimwombe radhi, nikasema nitalifikiria, ingawa kwa haki mimi ndiye niliyepaswa kuombwa. Akageukia mabomba ya mvuke, akatembea na ramani ya mwaka 1950 na kile kipimajoto chake, akakuta bomba linapita upande wa pili kabisa. Akatafuta matundu ya wadudu kwenye gome kwa kioo cha kukuzia. Akapanda ngazi akakata kijiti, akakichunguza ndani kama kina ukungu. Hakuna. Kila jibu la hapana lilimfurahisha kana kwamba amepewa zawadi, jambo ambalo liliniudhi sana.

Halafu, asubuhi moja ya mwisho wa Agosti, alilala kifudifudi kwenye majani yenye umande, shavu limegusa ardhi, akiuangalia mti kutoka chini. Wanafunzi walipita wakimkwepa.

"Merle, hebu lala hapa."

"Sina mpango huo."

"Basi chuchumaa. Angalia mti wa nane unavyoingia ardhini."

Nikaangalia. Shina la mmepo likikaribia ardhi hutanuka, kama zile suruali pana miguuni tulizovaa ujanani.

"Haya, angalia huu wetu upande wa kusini."

Upande ule haukutanuka. Shina liliingia ardhini moja kwa moja kama nguzo ya simu. Nilipita pale kwa mashine yangu mara ishirini kila mwaka na sikuwahi kuliona hilo. Arlys alikuwa ameketi, majani yamemnata shavuni, macho yanawaka.

"Kuna kitu chini," alisema.

Tatizo ni kwamba Uwanja wa Kale hauchimbwi ovyo. Sheria ya kamati ya mwaka 1931 inasema koleo, jembe wala mashine yoyote isiguse udongo wake bila sahihi tatu, na moja ya sahihi hizo siku hizi ni ya mkuu wa habari. Brent aligoma. Si sasa, alisema, wazazi wapo, na baada ya wazazi kuna sherehe za wahitimu wa zamani, na wote wanataka picha. Subiri katikati ya Oktoba. Arlys aliisoma ile sheria mara mbili mbele yangu, polepole, kama mwanasheria.

"Kijiko hakimo," alisema.

Alichukua kijiko cha supu kutoka kantini. Kila siku saa sita mchana alipiga magoti chini ya Mti wa Agosti akichota udongo kidogo kidogo na kuuweka kwenye sinia, na mimi nikikaa kwenye benchi na mkate wangu wa mayai nikimpigia hesabu kwamba kwa mwendo ule atatokea upande wa pili wa dunia akiwa na miaka mia tatu. Msichana mmoja mwanafunzi alisimama akamuuliza anatafuta nini.

"Sijui bado, mwanangu. Ndiyo raha yake."

Siku ya nne aliacha kuchota.

"Weka mkate chini, Merle. Njoo."

Magoti yangu yalilalamika lakini nilifika. Alikuwa ameshuka kina cha kiganja. Gunia lilikuwa limeoza zamani na kuwa udongo. Lakini kamba ilikuwepo. Rangi ya katani, unene wa katani, na imekaa pale safi kama iliyonunuliwa jana. Shina lilikuwa limevimba juu yake na chini yake, kama kidole kilichovimba kwenye pete. Upande wa kusini ndiko ilikozama zaidi.

Arlys aling'oa uzi mmoja, akaniomba kiberiti. Katani ikiungua inakuwa majivu. Uzi ule ulijikunja, ukawa shanga ndogo nyeusi, ukatoa harufu ya ndoo iliyoachwa jikoni karibu na moto.

"Plastiki," alisema. "Iliyotiwa rangi ya katani."

Kitalu kilikuwa kimebadilisha kamba mwaka ule na hakuna aliyetuambia. Hakuna aliyeuliza pia. Niliyasema hayo kwa sauti, kama faraja, na nilipofika kwenye neno "aliyeuliza" nikasikia nilichokuwa ninasema.

"Nilijua," alisema Arlys.

"Usiseme hivyo. Ulikuwa mgeni."

"Niliinusa, Merle. Nyumbani tulifunga majani ya ng'ombe kwa katani tangu niko mdogo, harufu yake naijua nikiwa nimelala. Ile kamba haikuwa na harufu. Hilo ndilo lilikuwa swali langu la tatu. Nikalimeza."

Hakunitazama aliposema hivyo. Nilitamani anitazame anitukane. Miaka ishirini na tisa nilikuwa nimekisimulia kile kichekesho cha ng'ombe na kamba kwenye karamu za Krismasi, mbele yake, na yeye akitabasamu.

Alisimama, akaanza kuhesabu kwa kidole kando ya safu. Wa saba. Wa nane, wa tisa. Wa kumi na mbili. Tulikuwa na kamba zile zile kwa miti yote kumi na mmoja. Huu ulitangulia tu.

Hapo nikasema neno la pili la kipumbavu katika maisha yangu ya kazi. "Funika."

"Nini?"

"Funika, bosi. Hii tunaikata kimya kimya. Ile mingine tutaifanya polepole, mmoja mmoja."

"Kwa kijiko? Kumi? Mpaka lini?"

"Arlys, mwezi wa kumi wanaweka jina lako pale. Ukisimama mbele ya watu wale useme miti yote uliyoipanda uliifunga kitanzi shingoni, unadhani wataweka?"

"Hawataweka."

"Basi."

"Basi nini? Nikae chini ya kibao changu niiangalie ikiwa myekundu mmoja baada ya mwingine, na watu wanaipiga picha?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwona analia, na alilia kwa hasira, akijifuta kwa mkono wenye udongo. "Nilikitaka kile kibao, Merle. Nakwambia kweli. Nilikitaka sana."

Alhamisi kamati ilikaa. Ni watu saba, meza ndefu, birika la kahawa na vipande vya keki ambavyo hakuna anayethubutu kuchukua cha mwisho. Mwenyekiti alikuwa Profesa Hestad wa historia, mama mzee aliyevaa koti hata Julai. Arlys aliweka kile kipande cha kamba mezani, juu ya karatasi, akawaeleza yote kwa dakika tano bila kujitetea hata kidogo. Akasema aliishika, aliinusa, alishuku, akanyamaza.

Brent ndiye aliyeanza. "Ngoja. Kwa hiyo ule wekundu wa Agosti..."

"Ni mti unaonyongwa."

"Lakini wekundu wenyewe ni mzuri."

"Mzuri sana," alisema Arlys. "Unataka nitie sahihi wapi kwamba tuuache unyongwe?"

Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango kwa sababu nilimbebea sinia la udongo. Sikuwa na haki ya kusema. Nikasimama hata hivyo, kofia mkononi, nikawaambia kwamba aliuliza. Aliuliza mara mbili siku ile, mbele yetu wote, na mimi ndiye niliyemfanya asiulize ya tatu. Niliwasimulia hata kile kichekesho. Hakuna aliyecheka, na kwa miaka yote hiyo kilikuwa chumba cha kwanza kisichokicheka.

Profesa Hestad alikichukua kile kipande cha kamba mkononi.

"Bi Tollefson, ungenyamaza nani angejua?"

"Mimi. Na nikishajua kwa nini mti unakufa, siwezi kurudi kwenye kutojua."

Mama yule mzee alivuta karatasi ya ruhusa, akatia sahihi ya kwanza. Wa pili akatia. Brent alitia shingo upande, baada ya kuuliza kama inawezekana kuokoa kumi na kuacha ule mmoja. Kuhusu kibao, kumbukumbu za kikao zinasema jambo hilo limeahirishwa. Mpaka leo limeahirishwa.

Tuliifanya kazi ile wiki ya kwanza ya Novemba, kabla ardhi haijaganda. Tulikodi kompresa yenye bomba linalopuliza udongo kwa upepo wa nguvu na kuacha mizizi wazi bila kuikata. Mimi nilishika bomba, Arlys alikata. Kwenye baadhi ya miti kamba ilikuwa imelegea, ukaitoa kama mkanda wa suruali. Kwenye mingine ilikuwa imeanza kuuma. Mti wa kumi na mbili tulichelewa, ulikufa mwaka uliofuata, na tuliukata sisi wenyewe tusiwaachie wengine.

Ule wa saba ulimchukua siku mbili. Alilala kwa tumbo shimoni na patasi na kamsumeno kadogo, akiondoa kamba kipande kwa kipande, maana ukikosea unakata njia ya maji iliyobaki. Vipande vinne vilitoka. Cha tano kilikuwa kimezama kabisa, mti umekimeza na kufunga juu yake, akakiacha. Curtis alikuja na chupa ya kahawa siku ya pili jioni, akasimama ukingoni mwa shimo akitazama yote yale, mizizi wazi na mkewe ametapakaa matope mpaka nyusi.

"Si mbaya," alisema.

Kwetu hakuna sifa inayoizidi hiyo. Arlys aliitikia kwa kichwa akarudi kukata, lakini nilimwona uso umeng'aa.

Baada ya hapo ikawa kungoja, na mti hauna haraka ya kumjibu mtu. Agosti ya 2015 uligeuka mwekundu tarehe ile ile, na Brent alitupungia mkono kutoka ng'ambo ya uwanja kwa furaha. Nilimwambia Arlys pole. Alisema bado, mti unaishi kwa akiba ya miaka iliyopita. Juni ya 2016 alistaafu, akapewa saa ya ukutani. Agosti hiyo wekundu ulitokea kwenye matawi matatu tu, na ulichelewa siku tisa. Alinipigia simu nyumbani mara nne kuuliza matawi gani.

Agosti ya 2017, siku ya wazazi, alikuja mwenyewe. Tuliketi kwenye benchi chini ya safu, yeye na mimi. Juu yetu mti wa saba ulikuwa kijani. Nilitafuta jani moja jekundu, hata moja, nikakosa. Ulifanana na wenzake kiasi kwamba ilibidi nihesabu upya kutoka kanisani. Watu walipita chini yake na masanduku, mito na mashine za kahawa, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Mama mmoja alisimama mbele yetu na simu mkononi, binti yake nyuma akiona aibu.

"Samahani, ule mti mwekundu uko wapi? Mkubwa wangu nilimpiga picha chini yake miaka minne iliyopita. Huyu naye nilimwahidi."

"Ni huu hapa," alisema Arlys.

Yule mama akatazama juu, akaitazama picha kwenye simu, akatazama juu tena. "Mbona ni kijani? Umepatwa na nini?"

"Umepona."

Yule mama alisema asante kwa sauti ya mtu aliyepunjwa, akamshika binti yake mkono wakaenda kupiga picha mbele ya maktaba. Arlys aliwafuata kwa macho mpaka wakapotea kwenye kundi, kisha akaegemea benchi, akacheka, na machozi yalikuwa yanamtoka hata hakujisumbua kuyafuta.